Baba Aliyegeukia Ukuta

Pingu zililia kacha!

Tuliachana hapo wiki jana, na mliniacha mkiwa na furaha. Barua zenu nimezisoma. Bwana mmoja wa Sigowet anasema Omosa asipelekwe kortini, apewe wananchi. Mama mmoja wa Kabianga anasema angekuwa yeye ndiye Sista Dorine, angemzaba kofi kwanza ndipo aite askari. Mwalimu fulani, jina ninalo, ameapa kwamba alimjua mkosaji tangu aya ya kwanza.

Hongereni. Kaeni hapo hapo na mawe yenu mkononi. Msiyatupe bado, huenda mkayahitaji ya kukalia.

Na wewe uliyefungia sukari gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, mambo ni haya. Omosa ni mchuma chai wa Kambi Sita, mtu wa kutoka Nyamira, aliyefiwa na mke. Asubuhi ile alimbeba binti yake mgongoni hadi dispensari iliyo karibu na Chepilat. Mtoto anaitwa Vivian, ana miaka sita, na alikuwa ameanza kutembea kama anayekanyaga miiba.

Sista Dorine Chepkosgei alimlaza kitandani, akampandisha gauni, akaona. Mapaja yalikuwa na vidonda vya moto, vya mviringo, vingine vimekauka na vingine vibichi.

Hasira ilimpanda hata akasahau kufunga mlango. Foleni nzima ikaingiza macho.

"Baba Vivian!" alifoka. "Njoo umshike miguu. Njoo utazame kazi yako!"

Omosa hakumtazama mtoto. Aligeuka, akaupa ukuta uso. Vivian naye akalia huku amemnyooshea kidole: "Atoke! Atoke!"

Koti la Omosa lilinuka sigara. Dorine alijumlisha moja na moja.

"Ni huyu!"

Ndipo pingu zikalia.

*

Land Rover ya polisi ilikuwa imekwama kwenye tope upande wa Sotik, kwa hiyo Kipkurui, askari wa chifu, alimfunga Omosa kwenye nguzo ya baraza.

"Sema kitu, mzee," Kipkurui alimhimiza. "Mtu hana makosa hupiga kelele. Wewe unanyamaza kama gunia."

Omosa aliangalia chai ng'ambo ya ua. Kisha akasema neno moja tu.

"Sista, umfunike."

"Sasa ndio unakumbuka kumfunika?" Dorine alimjibu.

Foleni ikacheka kile kicheko kisicho na raha.

Si wote waliocheka. Nyuma kabisa alisimama mwanamume mwenye kisu cha kupogolea chai, mtu wa Kambi Sita pia, Mkisii kama Omosa.

"Tisini na mbili walituchomea nyumba," alisema polepole. "Hii tisini na sita wameanza na pingu."

"Wewe, Gichana, usilete mambo ya kabila," mama mmoja alimkemea. "Mtoto ameungua. Moto una kabila?"

"Moto hauna. Pingu zinalo."

Kipkurui alishika rungu lake vizuri zaidi.

Hapo ndipo alipofika Phyllis, na kila mtu akashusha pumzi. Phyllis ndiye mwenye nasari, pale wachuma chai wanapoacha watoto wao toka asubuhi mpaka chai ipimwe. Aproni nyeupe, uso mpana, sauti ya kubembeleza. Na zaidi ya hayo, ni dada mkubwa wa Sista Dorine. Mama yao alipokuwa shambani, Phyllis ndiye aliyemlea Dorine. Mikono ile ndiyo iliyomfunga viatu siku ya kwanza ya shule.

"Woi! Maskini mtoto wangu," Phyllis alisema, akimshika Vivian mkono. "Huyu hata nasari ni wangu. Dori, acha nimchukue akae na mimi. Kwa baba yake hawezi kurudi."

"Asante, dada. Sijui ningefanya nini bila wewe."

Vivian alisimama wima kama kijiti. Maji yakamtiririka miguuni, yakaingia katika viatu vya plastiki.

Foleni ikaguna kwa huruma.

"Mwaona?" Dorine aliuambia umati. "Mwaona hofu aliyotiwa na baba yake?"

Waliona. Na wewe wa Sigowet uliona pia, usinikatalie.

*

Land Rover haikufika. Aliyefika ni Bonareri.

Bonareri ni mama yake Omosa. Alikuwa sokoni Chepilat akiuza mboga za managu, habari zikamkuta kwenye kigunia chake, akaja na managu yenyewe kifuani kwa sababu hakukumbuka kuyaweka chini. Alipita kando ya mwanawe aliyefungwa nguzoni. Hawakusalimiana. Alipita foleni. Aliingia ndani ya chumba cha dawa bila kubisha.

"Nani hapa anaitwa Sista?"

"Ni mimi, mama. Lakini kuna foleni..."

"Kaa na foleni yako. Ni wewe umemvua mjukuu wangu nguo?"

"Nilikuwa nampima."

"Mbele ya baba yake?"

"Mama, huyo baba ndiye..."

"Mimi nimekuuliza swali la mtu mzima. Mbele ya baba yake?"

"Ndiyo."

Managu yalianguka. Bonareri alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Na nasikia ulimwambia amshike miguu."

Dorine aliinama kuokota managu.

"Sista, wewe huna baba?"

"Ninaye. Yuko Bomet."

"Ukiwa mtoto, umelala uchi, mtu amwite baba yako aje akushike mapaja na watu wanaangalia. Angekuja?"

Dorine alifungua mdomo. Akamwona baba yake, mzee yule mrefu ambaye hata alipoumwa na jino hakuruhusu binti zake wamwone akifungua kinywa.

"Hangekuja," alisema.

"Angefanya nini?"

"Angegeuka."

"Eeh!" Bonareri alipiga kofi moja, kubwa. "Kwetu tunaita ensoni. Ni aibu, lakini ni aibu ya heshima. Baba haoni uchi wa mtoto wake. Hata kitanda cha binti yake hawezi kukikalia. Hata mimi hapo nje nimempita mwanangu kimya, kwa sababu wewe umemfanya aonekane na mama yake amefungwa kama mbuzi. Aligeukia ukuta? Angetazama, ndio ungeita askari!"

"Lakini mtoto alilia atoke..."

"Na wewe ungetaka nini? Abaki?"

Kuna aibu inayokupiga usoni ukaiona ikija. Hii haikuwa hiyo. Hii iliingia kama maji chini ya mlango, Dorine akaja kushtuka tayari imemfika magotini. Alikumbuka Omosa alivyofika asubuhi, mtoto amefungwa leso mbili, moja ya kumbeba na moja ya kumfunika miguu. Alikumbuka lile neno lake la pekee. Umfunike.

Alikuwa amelijibu kwa mzaha. Watu wakacheka.

"Mama," alisema. "Kama si yeye, ni nani aliyemchoma?"

Usifikiri Bonareri alijua. Bonareri alikuwa na maoni yake.

"Amerogwa. Kuna mwanamke hapo kambini ana jicho baya, moto wake unatembea usiku. Lakini hayo tutayamaliza sisi. Wewe unadaiwa mbuzi wa kuosha hiyo aibu, na si mbuzi wa kukohoa. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwa dada yangu, nasari."

"Nenda umlete. Nitamwona mimi. Mimi na yeye hatuna ensoni, yule ni mke mwenzangu."

*

Nasari iko chini kidogo ya dispensari, mlango wa bati la buluu. Phyllis alikuwa amekaa nje jikoni, amebana kibuyu katikati ya magoti. Siku za soko huuza mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, na maziwa yake yana sifa hadi Kabianga.

"Wengine nimewalaza," alisema akitabasamu. "Nimefunga mlango, wasisumbuane. Huyu wako amekataa kulala, amekataa kukaa. Mkaidi!"

Vivian alikuwa amesimama karibu na ukuta, amefumbata mikono.

"Nampeleka tena dispensari," Dorine alisema. "Nyanya yake amekuja."

"Umpime mara ngapi, Dori? Muache apumzike."

"Asubuhi sikumpima. Asubuhi nilimwaibisha."

Phyllis alikiweka kibuyu chini. "Basi nakuja. Mtoto atanihitaji."

Walipofika mlangoni mwa chumba, Bonareri alisimama katikati kama mfuko wa mahindi.

"Huyu ni nani?"

"Mimi ni kama mama yake," Phyllis alijibu kwa upole.

"Mwanangu alioa mara moja, na huyo tulimzika. Chumba chenyewe ni kidogo na wewe Mungu hakukunyima. Ukiingia, itabidi Sista atoke."

Mlango ukafungwa. Mara hii ulifungwa kweli, komeo likashuka. Dorine alitundika leso dirishani. Bonareri alikaa kitandani na kumpakata mjukuu wake, naye Dorine akapiga magoti sakafuni, hadi macho yake yakawa chini ya macho ya mtoto.

"Vivian. Asubuhi nilikuvua bila kukuuliza. Nilikosea. Sasa hakuna mtu atakugusa kama hujasema ndiyo. Ukisema basi, ni basi."

Vivian alimtazama kwa muda mrefu.

"Basi," alisema.

Dorine hakuwa amemgusa. Hata hivyo alirudi nyuma hatua moja.

"Basi," mtoto alisema tena.

Dorine alirudi mpaka mgongo ukagonga kabati la dawa.

Vivian alifikiria jambo hilo. Mtu mzima, mwenye kofia, ameondoka kwa neno lake yeye.

"Anza na mimi," Bonareri aliamuru. "Mke mwenzangu, wewe shika hiyo tochi. Tuone kama huyu msichana anajua kazi."

Kwa hiyo aliyepimwa kwanza alikuwa Bonareri. Alifungua kinywa, Vivian akamulika, Dorine akabonyeza ulimi kwa kijiti.

"Muulize," nyanya alisema kijiti kikiwa bado mdomoni, "kama kwa haya meno mawili naweza kupata bwana mwingine."

"Atakuogopa," Vivian alisema.

"Ataogopa nini?"

"Utamng'ata."

Bonareri alicheka hadi kitanda kikalia, na mtoto akacheka naye, kicheko kidogo chenye kutu, kama bawaba isiyofunguliwa siku nyingi. Akasikiliza moyo wa nyanya kwa ile mipira ya masikioni. Akasikiliza wake mwenyewe. Akataka na wa Sista. Moyo wa Sista ulikuwa unakimbia, na Vivian aliuliza mbona.

"Moyo wangu unaona haya," Dorine alisema. Ulikuwa ukweli mtupu.

Baada ya hapo mtoto alipandisha gauni mwenyewe. Kidogo. Upande mmoja tu.

"Hapa ndiyo," alisema. "Huku bado."

"Sawa. Huku bado."

Dorine alichovya pamba katika maji ya uvuguvugu. Alisafisha taratibu, akisimama kila mara mtoto alipovuta pumzi. Asubuhi alikuwa ameangalia mara moja, kwa hasira, na alipoona mviringo alisema sigara. Sasa aliangalia vizuri. Kidonda kilikuwa kipana kuliko sigara. Na katikati yake kulikuwa na vidoadoa vyeusi.

Alipangusa. Pamba ikarudi na weusi laini, kama wino wa unga.

"Vivian," alisema kwa sauti ile ile, "niambie kuhusu hapa."

Hakuongeza neno. Hakumtajia baba, hakumtajia moto, hakumtajia mtu yeyote. Alingoja.

Vivian alichukua kijiti kile cha kubonyeza ulimi. Akachukua kikombe cha plastiki. Akakitia kijiti ndani ya kikombe, akakizungusha, akakisugua pembeni, akakizungusha tena.

"Unapika nini, mke mwenzangu?" Bonareri aliuliza. "Ugali?"

Mtoto alitikisa kichwa. Alikitoa kijiti, akakipuliza ncha. Kisha akaigusisha ncha hiyo kwenye paja la nyanya yake, mara moja, haraka.

"Nikikojoa," alisema.

Bonareri hakuelewa. Angeelewaje? Kwake hakuna anayefanya hivyo.

Dorine alielewa hata kabla kijiti hakijatoka kikombeni. Binti gani wa Kipsigis asingeelewa? Unachukua kijiti cha mti wa senetwet, unakichoma ncha mpaka iwe kaa, unakiingiza ndani ya kibuyu, unakizungusha ili kibuyu kipate ule weusi wenye harufu tamu, ndipo unamimina maziwa. Nyumbani kwa Omosa kambini hakuna ng'ombe, hakuna kibuyu, hakuna senetwet.

Mkono wa Dorine ulipanda wenyewe, ukashika mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko, juu ya kitambaa cha sare. Chini ya kitambaa hicho kulikuwa na alama mbili za mviringo, za zamani, zenye vidoadoa vyeusi. Aliambiwa ni dawa ya kukojoa kitandani. Aliambiwa kila mtoto hupewa. Alikuwa amezivalia mikono mirefu maisha yake yote na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Kukojoa si kosa, Vivian. Hata mimi nilikojoa."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ukiwa na kofia?"

"Kabla ya kofia."

Akampaka dawa upande ule aliokubaliwa. Upande wa pili hakuugusa.

*

Phyllis alikuwa amesimama mlangoni, karibu mno na mbao.

"Amesema nini?"

Dorine alivuta mlango nyuma yake. Walikuwa peke yao katika korido ile nyembamba, na Dorine alizungumza lugha ya nyumbani ili nje wasisikie. Hata hilo lilikuja kumtia haya baadaye.

"Phyllis, ulimchoma?"

"Mimi? Dori, umechoka."

"Ulimchoma kwa kijiti cha kibuyu."

Tabasamu la Phyllis halikuondoka. Lilibaki pale kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Nilimgusa tu. Wewe sikukugusa? Hukuacha kukojoa? Hukwenda shule ukarudi na kofia? Watu wote hawa wananiachia watoto, jioni wanawakuta wamekauka, wasafi, wananishukuru. Hakuna anayeuliza."

"Kuna mtu amefungwa nguzoni."

"Mtu wa ng'ambo. Watamuuliza maswali, watamwachilia. Lakini mimi nikichukuliwa, mama yetu atauangaliaje uso wa watu kanisani?" Alimshika dada yake mkono, kwa upole, palepale juu ya kiwiko. "Sisi ni nyumba moja, Dori. Sema ni kuungua kwa bahati mbaya. Sema ni jiko. Wewe ndiwe daktari, nani atakubishia?"

Msomaji, nikikuambia hakufikiria nitakuwa mwongo. Alifikiria. Jiko. Bahati mbaya. Omosa anafunguliwa, mtoto anarudi kwa nyanya, mama yake anakwenda kanisani. Lilikuwa wazo zuri sana, limenyooka, halina damu. Alilishika muda wa kutosha kujionea kinyaa.

Akajinasua.

Nje umati ulikuwa umeongezeka. Wachuma chai walikuwa wametoka mashambani na vikapu mgongoni, na sasa walisimama makundi mawili, na kila kundi lilijua kwa nini halikusimama na jingine. Kipkurui alikuwa na jasho.

"Afande," Dorine alisema. "Mfungue."

"Nimfungue? Land Rover iko karibu!"

"Mfungue. Si yeye."

"Sista, sauti!" Gichana alipaaza kutoka nyuma, na kile kisu. "Asubuhi ulisema kwa sauti. Na sasa sema kwa sauti."

Ilikuwa haki. Dorine alisogea ukingoni mwa baraza.

"Nilimsingizia huyu mzee," alisema kwa nguvu, na mashavu yakamwaka. "Hakumchoma mtoto wake. Niliona amegeuka, nikadhani ni hatia, kumbe ni heshima. Mimi ndiye nisiyekuwa na heshima. Nilimvua binti yake mbele yake na mbele yenu, mlango wazi. Nyinyi mliona, na mkacheka, na mimi ndiye niliyewachekesha."

Walioangalia chini walikuwa wengi. Yule mama aliyemkemea Gichana alijifunika mdomo kwa leso.

"Basi ni nani?" Kipkurui aliuliza.

Dorine alitamani Land Rover itokee. Alitamani mvua.

"Ni wa nasari. Phyllis." Akameza mate. "Dada yangu. Tumenyonya ziwa moja."

Hata Gichana alishusha kisu, na akaonekana kama hakujua la kufanya na mkono ule.

Pingu zililegea. Omosa alijisugua mikono. Dorine alimkaribia, maneno yote ya kuomba radhi yakiwa yamejaa mdomoni, lakini Omosa aliinua kiganja kabla hayajatoka.

"Amefunikwa?"

"Amefunikwa. Yuko na nyanya yake."

"Basi. Mimi sina msamaha wako, Sista. Ulichukua kitu cha mtoto. Mwombe yeye, siku akitaka kukujibu."

Na hakumwangalia tena.

Sasa tazama, kwa sababu mambo hayakuishia hapo. Yule mama mwenye leso mdomoni alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne ubavuni. Mtoto wa nasari, ambaye leo hakwenda kwa ajili ya kikohozi. Alikuwa akimtazama mtoto huyo kana kwamba wamekutana sasa hivi.

"Mimi nilidhani ni kupe," alisema peke yake. "Aliniambia ni kupe."

Akashika kaptula ya mtoto ili aishushe. Kando yake mwanamke mwingine alikuwa tayari amepandisha gauni la binti yake hadi kiunoni.

"Msiwavue!" Dorine aliruka kutoka barazani, karibu aanguke. "Msiwavue hapa! Mfunike, mama, tafadhali, mfunike! Mmoja mmoja, ndani, mlango umefungwa. Na mtoto aje na mtu anayemtaka yeye. Nyanya, kama yuko. Aliye na nyanya amwite nyanya!"

Watu waligeukiana wakiguna, Wakisii na Wakipsigis wakaanza kuitana majina ya mama zao wazee. Makundi mawili yalivunjika bila mtu kuamuru.

Kipkurui hakusogea. Pingu zilikuwa zikining'inia mkononi mwake, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Sista," alisema. "Wangu hayuko hapa. Wangu wamelala nasari. Wawili."

Dorine aligeuka kuelekea korido. Korido ilikuwa tupu. Mlango wa nyuma, unaotokea kwenye njia ya kuteremka, ulikuwa wazi.

"Phyllis yuko wapi?"

Hakuna aliyemwona. Kila mtu alikuwa akimwangalia Sista.

"Yuko wapi? Nani amemwona Phyllis?"

Sauti iliyojibu ilitoka mlangoni, mgongoni mwa Bonareri. Vivian alikuwa ameinua kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile alizungumza ili watu wote wasikie.

"Ameenda kuwaamsha wengine," alisema. "Ni saa yake. Saa hii ndiyo huwa anaangalia nani amekojoa."